Kutembea msituni si raha ya mababi pekee

KWA vijana wengi wa Nairobi, kutembea kwa miguu ni dalili ya mfuko mtupu. Unatoka Kibra hadi Industrial Area alfajiri kwa sababu mvua imenyesha na nauli imepanda. Unatoka Mathare hadi mjini kutafuta kibarua, soli zimelika, vumbi hadi magotini. Ndiyo maana ukimwambia beste wako kwamba Jumamosi mnaenda kutembea tu, bila shughuli yoyote, atakutazama mara mbili. Watu wanatembea wiki nzima, wikendi watembee tena?

Swali hilo lina haki yake. Lakini kutembea ukikwepa boda boda kando ya barabara isiyo na nafasi ya mtu wa miguu ni kitu kimoja, na kutembea kwenye kijia cha udongo mwekundu chini ya miti, kelele kubwa ikiwa ya hondohondo, ni kitu kingine kabisa. Miguu ni ile ile, ila kichwa kinapumzika.

Wajapani walilipa jambo hili jina mwaka 1982: shinrin-yoku, yaani kuoga msitu. Hauogi kwa maji. Unaingia msituni polepole, unanusa, unasikiliza, unatulia. Nalo Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kila wiki. Hiyo ni saa mbili na nusu. Jumamosi moja ya kutembea kwa mwendo wa kukaza inaweza kukamilisha hesabu hiyo bila kulipia jimu ya mwezi mzima.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tumeamini sehemu hizi ni za mababi: watu wa Muthaiga na Runda, mbwa wao na baiskeli zao za bei. Ukijua historia ya Karura utaona imani hiyo haina msingi.

Msitu uliomwagiwa damu

Miaka ya tisini, sehemu za Karura ziligawiwa wastawishaji wa kibinafsi kimya kimya. Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement walienda huko kupanda miche kama njia ya kupinga. Januari 8, 1999, walivamiwa na kundi la wanaume karibu na lango. Wangari alipigwa akajeruhiwa kichwani, na alipofika kituo cha polisi kuripoti, alitia sahihi taarifa yake kwa damu yake mwenyewe.

Wiki hizo hizo, wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani kuutetea msitu na kukabiliana na polisi. Walikuwa vijana wa umri wako, na wengi wao hawakuwa na shamba wala gari. Agosti mwaka huo Rais Daniel arap Moi alitangaza kusimamishwa kwa ugawaji wa ardhi ya umma. Miaka mitano baadaye, 2004, Wangari akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kupata Tuzo ya Amani ya Nobel.

Hata hivyo, kuokolewa kwa msitu hakukuufanya uwe salama mara moja. Kwa miaka mingi Karura ilikuwa jina la kutisha: wezi, majangili wa miti, miili iliyotupwa. Mambo yalianza kubadilika mwishoni mwa miaka ya 2000, Shirika la Misitu Nchini (KFS) liliposhirikiana na chama cha jamii, Friends of Karura. Ua wa umeme uliwekwa, vijia vikasafishwa, na vijana wa vitongoji jirani wakapewa kazi ya ulinzi. Kisha watu wakaanza kuja, wachache kwanza, halafu mamia. Kadiri wageni walivyoongezeka ndivyo wahalifu walivyokosa pa kujificha.

Wahenga walisema njia isiyopitwa huota majani. Katika jiji hili njia isiyopitwa huota pia mabati, ua na kibao cha mwenye mali. Mwaka 2024, pendekezo la kuchukua zaidi ya ekari 50 za Karura ili kupanua Barabara ya Kiambu lilizua kelele kubwa, na waliopiga kelele ni watu waliokuwa wakizijua sehemu hizo kwa miguu yao. Ni vigumu kutetea mahali ambapo hujawahi kufika.

Uanzie wapi?

Kama mfuko ni mwembamba, anza na Arboretum. Bustani hii ya ekari zisizopungua 70 iko karibu na State House, na kutoka katikati ya jiji unafika kwa miguu chini ya saa moja. Ilianzishwa 1907 kujaribu miti ya kigeni ambayo ingetoa kuni za kuendeshea treni za reli ya Uganda. Leo ina zaidi ya aina 300 za miti, na mingi imebandikwa majina, hivyo unatembea huku ukisoma. Chunga chakula chako tu, maana kima na tumbili wa pale hawaombi ruhusa.

Karura yenyewe ina zaidi ya hekta 1,000 na vijia vya zaidi ya kilomita 50. Lango la Barabara ya Limuru linakupeleka hadi maporomoko ya maji na mapango yanayosemekana kutumiwa na wapiganaji wa Mau Mau. Nyamaza kidogo ukitembea na huenda ukaona pongo akivuka njia, au mbega weusi kwa weupe wakiruka juu ya miti.

Ukitaka utulivu zaidi, kuna kijia cha Oloolua kule Karen, kando ya Mto Mbagathi. Kina mianzi, pango na maporomoko madogo, na asiyezoea kutembea atakimaliza bila kulia.

Halafu kuna mtihani wenyewe: Ngong Hills. Panda matatu ya 111 hadi Ngong, kisha boda hadi langoni kwenye mitambo ya umeme wa upepo. Kutoka hapo vilele vinafuatana kama vifundo vya ngumi, na kila ukidhani umemaliza kuna kingine mbele. Kilele cha juu kina mita 2,460. Upande mmoja unaona majengo ya Nairobi, upande wa pili Bonde la Ufa limelala hadi mbali. Kuvuka vyote hadi Kona Baridi ni takriban kilomita 10 na itakula nusu siku.

Kabla ya kutoka nyumbani

Beba kitambulisho, kwa kuwa raia hulipa ada ya chini kuliko mgeni. Malipo ni kwa simu, na kwa vile ada hubadilika, angalia siku moja kabla. Vaa raba zenye meno, hasa mvua ikiwa imenyesha, kwa sababu udongo wa Karura na Ngong huteleza kama sabuni. Maji lita moja au mbili, ndizi na njugu zinatosha. Takataka rudi nazo.

Usiende peke yako mara ya kwanza. Kwa wasichana hasa, kundi la watu wanne au watano linaondoa wasiwasi mwingi. Ngong, ulizeni langoni kuhusu askari wa kuwasindikiza kama mnataka kuvuka vilele vyote, na mgawane gharama yake. Anzeni saa moja au saa mbili asubuhi ili mshuke kabla jua halijakaza au ukungu kurudi.

Na simu? Piga picha zako, weka TikTok ukirudi. Ila ukiwa ndani, izime nusu saa hivi, usikie upepo ukipita juu ya miti ambayo wengine walipigwa ili wewe uikute imesimama.