Chai ya magugu iliyoniaibisha mbele ya mama

MFUKO wa kilo 50 wa mbolea ya dukani ulipopita Sh6,000 mwaka wa 2022, mama aliniambia kwa simu kwamba sukuma wiki yake ingekula udongo mtupu msimu huo. Kijishamba hicho chake huko Vihiga ndicho humlipia mjukuu karo.

Nami, kwa ujuaji wa watu wa mjini, nilifunga safari Jumamosi iliyofuata kwenda kumwokoa. Nilimwonyesha ua la boma lake, lililojaa ile alizeti mwitu yenye maua ya manjano. "Mbolea ndiyo hii," nikasema.

Sikudanganya. Mmea huo, ambao asili yake ni Mexico, ulichunguzwa sana na watafiti huko Maseno miaka ya 1990. Kilo 100 za majani yake yaliyokaushwa huwa na takriban kilo tatu na nusu za naitrojeni na kilo nne za potasiamu. Isitoshe, majani hayo ni laini na huoza upesi.

Tuliyakatakata, tukajaza gunia nusu, tukalitumbukiza katika pipa la maji. Niliporudi baada ya wiki mbili, maji yalikuwa meusi, na uvundo wake ulimfanya jirani aulize ni nini kilichofia kwetu. Nikamwagia mistari minne ya mboga, kisha nikarejea Nairobi nikijipongeza.

Siku tatu baadaye, kingo za majani zilikuwa kama zilizopitiwa na moto. Nilikuwa nimesahau kuizimua chai ile kwa maji! Mama alipoteza mauzo ya wiki mbili, lakini hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, hata chai ya kunywa, majani yakizidi hainyweki."

Alivyorekebisha mwenyewe

Msomaji, ukitaka kujaribu, fuata njia ya mama, wala si yangu.

Yeye hukata majani na matawi laini kabla mmea haujachanua, mbali na mahali palipopuliziwa dawa ya kuua magugu. Huyatia katika gunia, akalifunga mdomo na kulitundika kwenye ufito uliolazwa juu ya pipa, ili lizame majini. Pipa hufunikwa, kwa sababu ya watoto na mbu, na pia ili naitrojeni isipotelee hewani. Kila baada ya siku tatu hulitikisa gunia.

Baada ya wiki mbili, huchanganya kopo moja la chai hiyo na makopo mawili ya maji. Kwa miche michanga, maji huwa makopo manne. Kwanza hujaribu kwenye mimea michache, akangoja siku kadhaa. Humwagia shinani, kwenye udongo wenye unyevu, wala si juu ya majani yatakayoliwa.

Isichoweza kufanya

Chai hii ni ya kukuzia, si ya kupandia. Ina fosforasi kidogo, nayo mashamba mengi ya Magharibi yana upungufu wa kirutubishi hicho, ambacho mizizi huhitaji sana. Kwa hivyo mama bado hutia samadi katika mashimo anapopanda. Wenye uwezo huongeza mbolea ya fosfeti, kama ile ya mawe ya Minjingu kutoka Tanzania.

Tena, ua likikatwa kila mara pasipo kurudishiwa chochote, udongo wa hapo nao huchoka. Mama hukata upande mmoja na kuuacha mwingine upumzike. Makapi yanayobaki guniani huyarudisha chini ya ua.

Mwaka wa 2023 serikali ilishusha bei ya mbolea ya ruzuku hadi Sh2,500 kwa mfuko. Nilidhani mama angelitupa pipa lake. Badala yake, alinipigia simu akiniagiza la pili.

"Lenye kifuniko," akasisitiza. "Na ukilileta, chai nitaikoroga mwenyewe."