Upangaji Fanisi wa Data za Jedwali kwa Lugha ya Skripti: Mfano wa Daftari la Samaki, Lipingo

Makala haya yanafafanua namna ya kupanga data za jedwali kwa lugha ya Python kwa usahihi na kwa muda mfupi. Mfano unaotumika ni jedwali la kubuni lenye safumlalo 100,000 za usipa na mbasa waliopimwa katika mialo ya Ziwa Nyasa, ukiwemo wa Lipingo. Kila safumlalo ina wilaya, kata, tarehe na kilo.

Tatizo la kwanza ni usahihi. Data zinaposomwa kutoka faili la matini, kila thamani huwa mfuatano wa herufi, na kompyuta huzilinganisha moja baada ya nyingine. Hivyo 100 hutangulia 25, na 03/01/2022 hutangulia 25/06/2012. Mtafiti anayefuatilia mabadiliko ya uvuvi kwa mpangilio huo atahitimisha jambo lisilokuwepo. Aidha, Lipingo ilikuwa katika Wilaya ya Mbinga kabla ya Wilaya ya Nyasa kuundwa mwaka 2012. Jedwali likipangwa kwa wilaya, mwalo mmoja huonekana kuwa miwili. Ufunguo unaofaa ni kata, ukifuatiwa na tarehe iliyogeuzwa kuwa mwaka, mwezi na siku.

Tatizo la pili ni muda. Kupanga safumlalo 100,000 huweza kuhitaji milinganisho ipatayo 1,700,000. Tarehe mbili zikigeuzwa katika kila mlinganisho, ugeuzaji hufanyika zaidi ya mara 3,000,000. Kigezo kiitwacho *key* katika kitendakazi *sorted* huondoa mzigo huo: ufunguo wa kila safumlalo hukokotolewa mara moja tu, yaani mara 100,000 kwa jumla.

Algoriti ya Timsort, iliyobuniwa na Tim Peters mwaka 2002, hutambua vipande vilivyokwisha kupangika na kuviunganisha. Vilevile ni thabiti: safumlalo zenye ufunguo sawa hubaki katika mfuatano wake wa awali. Kwa kuwa daftari la mwaloni hujazwa siku baada ya siku, likishathibitishwa kuwa limefuata tarehe, kulipanga kwa kata pekee hutosha. Tarehe ndani ya kila kata hazitavurugika.

Kwa hiyo, uteuzi wa ufunguo hutangulia suala la kasi. Ufunguo mbaya huharakisha tu kufikiwa kwa matokeo yasiyo sahihi.