Diski za breki za mbele: usisubiri mteremko ukufundishe

Leo tunaacha mbolea na dawa kidogo, tuzungumzie pikapu inayobeba mazao yako.

Msimu uliopita nilishuka na wanakikundi kutoka Lushoto kwenda Mombo, Hilux imejaa kabichi. Kila dereva akikanyaga breki, usukani unatetemeka. Kabla ya Soni tukasikia harufu ya kuungua, pedali ikaanza kuzama. Akarudisha gia namba moja, tukasimama, tukaweka mawe kwenye matairi. Tulikaa pale zaidi ya saa nzima breki zipoe.

Fundi alipofungua tairi aliniita: "Bwana shamba, njoo uone." Diski zilikuwa za bluu kwa joto, zina nyufa nyembamba, na ukingo wa pembeni umejitokeza kama mdomo wa sufuria. Mwezi mmoja nyuma walibadilisha pedi tu, diski wakaziacha ili kubana matumizi.

Kwa hiyo, usukani ukitetemeka unapofunga breki, kagua diski. Unene wa chini unaoruhusiwa huwa umeandikwa kwenye diski yenyewe. Ikifika hapo, au ina ufa, usikubali ichongwe. Nunua mpya, zote mbili, kulia na kushoto, pamoja na pedi mpya.

Kazi yenyewe inakwenda hivi:

1. Egesha mahali tambarare na pagumu, zuia matairi ya nyuma. Legeza nati kabla ya kupiga jeki, kisha weka stendi. Usifanye kazi gari likiwa juu ya jeki peke yake.

2. Fungua kalipa, uifunge kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa mpira wake wa mafuta, utapasuka. Na mtu asikanyage breki wakati huo.

3. Vuta diski. Ikigoma kwa kutu, diski nyingi zina matundu mawili madogo ya nyuzi usoni. Ingiza bolti humo, kaza kidogo kidogo kwa zamu, itasukumwa nje. Hilux za zamani, diski imefungwa nyuma ya habu, lazima habu na beringi zitoke. Hiyo mwachie fundi anayejua kukaza beringi.

4. Sugua uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Hapa ndipo wengi wanakosea. Kutu kidogo tu inafanya diski mpya ikae upande, na mtetemo unarudi.

5. Diski mpya hupakwa mafuta ya kuzuia kutu. Yaoshe yote kabla ya kufunga.

6. Unaporudisha pistoni ndani, angalia kikopo cha mafuta ya breki kisifurike. Mafuta hayo yanaharibu rangi ya gari.

7. Kaza nati kwa mtindo wa msalaba. Kisha kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, KABLA ya kuondoa gari. Ukisahau, kanyago la kwanza litakwenda mpaka chini na gari halisimami!

Endesha kwanza bila mzigo. Funga breki taratibu mara kadhaa, ukiacha nafasi zipoe. Baada ya kilomita kama 100, kagua tena nati za tairi.

Mwisho, diski mpya hazitadumu kama dereva anashuka mlima mguu uko juu ya breki. Gia uliyopandia ndiyo ushukie nayo, na uiingize kabla mteremko haujaanza. Foo-wili inakutoa kwenye tope, lakini haifupishi umbali wa kusimama ukiwa na tani moja ya kabichi mgongoni.

Siku ile kabichi zilifika zimenyauka, bei ikashuka. Lakini tulifika sote. Kagua diski zako wiki hii, kabla ya kuvuna.