Docta wetu anapochoka: safari ya doktora Lubumbashi na sehemu ya kanisa

Katika parokia nyingi za Lubumbashi kuna ndugu au dada ambaye watu wote wanamwita "docta" ingawa hajamaliza bado. Ni asistenti pale UNILU au katika chuo kingine cha mji, na miaka inapita. Baada ya ibada anaulizwa swali lile lile: "Utamaliza lini?" Anayeuliza anafikiri anatia moyo. Anayeulizwa, Jumapili inayofuata, anatokea mlango wa nyuma.

Tunataka kueleza hapa doktora ni kazi ya namna gani, kwa nini inachosha watu wenye akili na imani, na nini kinawasaidia kufika mwisho. Mifano ni ya Lubumbashi, lakini wasomaji wa Goma, Bukavu, Uvira na Kalemie watawatambua watu wao wenyewe.

Wengi wanadhani doktora ni darasa moja juu ya masta. Hadi masta, mwanafunzi anajifunza yale ambayo wengine wamekwisha kuyajua, na mwalimu ana jibu mkononi. Katika doktora hakuna mwenye jibu. Mtafiti anachagua swali ambalo halijajibiwa, anatafuta ushahidi, anaandika teze, kisha anaitetea mbele ya juri. Mkulima akipalilia siku nzima, jioni anaona matuta aliyomaliza. Mtafiti anaweza kusoma wiki tatu na kugundua kwamba njia aliyoishika haitoki popote. Jirani anayemwona amekaa mbele ya kompyuta anasema hafanyi kitu.

Na kazi hiyo inatugusa sisi sote. Mwaka 2018, Célestin Banza Lubaba Nkulu wa UNILU, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leuven huko Ubelgiji, walichapisha utafiti juu ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti katikati ya nyumba zao. Walipima mkojo na damu, wakakuta kobalti nyingi zaidi kwa wakaaji wa Kasulo kuliko kwa watu wa mtaa wa karibu usio na machimbo. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Mama wa Kolwezi anayeosha watoto wake vumbi hilo hawezi kupata jibu la namna hiyo mahali pengine. Linatoka kwa watu waliokaa miaka mingi juu ya swali moja, na waliofundishwa namna ya kukaa juu yake.

Sasa tutazame maisha ya mtafiti mwenyewe. Kwetu, wengi wanaoandaa doktora ni wafanyakazi wa chuo tayari. Mtu anaanza kama asistenti, anapanda kuwa CT, lakini bila doktora hawezi kuwa profesa. Ni mwanafunzi na mwalimu kwa wakati mmoja. Anaongoza mazoezi ya wanafunzi, anasimamia mitihani, anasahihisha mamia ya kopi. Mabadiliko ya masomo ya LMD yameongeza kazi, kwa sababu mipango ya masomo ilipaswa kuandikwa upya. Mshahara ukichelewa anatafuta masomo ya kufundisha katika taasisi nyingine, wakati mwingine mbali na mji. Teze inapata saa zilizobaki, na mara nyingi hazibaki.

Juu ya hayo kuna promota, yaani profesa anayemwongoza. Promota mmoja anaweza kubeba watafiti wengi, na yeye pia anasafiri na kufundisha huku na huko. Katika desturi zetu si rahisi kumkumbusha mkubwa. Asistenti anatoa sura moja ya teze, anangoja mwezi, miezi mitatu, nusu mwaka, na haya inamzuia kupiga simu. Kuna njia moja ya heshima ambayo inafaa: baada ya kila mkutano, mtafiti aandike ukurasa mmoja wa yale waliyopatana, aweke tarehe, amtumie promota. Ukurasa huo unamkumbusha mkubwa bila kumlaumu, na unamlinda mdogo siku ambapo maagizo yanabadilika.

Uchovu huu si wa Wakongo peke yao. Mwaka 2017 Katia Levecque na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa watafiti wa doktora 3,659 katika vyuo vikuu vya Flanders, kule Ubelgiji. Karibu nusu walikuwa na dalili mbili au zaidi za msongo wa akili, na mmoja kati ya watatu alikuwa katika hatari ya kupata ugonjwa wa akili wa kawaida, hasa huzuni kubwa inayodumu. Watafiti hao waliona kwamba hali hiyo inahusiana na mgongano wa kazi na nyumba, wingi wa madai ya kazi, namna promota anavyoongoza, na jinsi mtu anavyoona nafasi yake ya kazi nje ya chuo. Na Flanders umeme haukatiki kama kwetu. Huku mtu ananunua mega kwa pesa ya chakula, anaamka usiku wa manane kwa sababu ndipo umeme umerudi, na kesho yake ana kilio cha ukoo.

Kwa mama mtafiti mzigo ni mara mbili. Anafundisha, anarudi kupika, watoto wanalala saa tatu, naye anafungua kompyuta saa nne. Akipata mimba katikati ya teze, wapo wanaosema ameshachagua. Kwa wale waliopata nafasi ya kwenda Ubelgiji kwa zamu, miezi kadhaa kule na miezi kadhaa hapa, nyumba inayobaki inaumia kwa namna yake. Watu wanaona ndege na kudhani kuna dola nyingi. Mara chache wanaingia kumsalimu mke au mume aliyebaki na watoto.

Lazima tuseme pia kanisa linachukua nini. Ndugu huyu, kwa kuwa anajua kuandika, ni katibu wa parokia. Ni mwalimu wa shule ya Jumapili, ni mkalimani wa wageni, ni yeye anayeandika miradi, na kwaya inamtaka Jumamosi mchana kutwa. Hakuna aliyeketi na kuhesabu. Yethro alifanya hesabu hiyo kwa mkwe wake Musa (Kutoka 18): alimwona akiamua mambo ya watu tangu asubuhi hadi jioni, akamwambia wazi kwamba atachoka, yeye na watu wake, akamshauri kugawa kazi kwa viongozi wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi. Musa hakuambiwa kwamba imani yake ni ndogo. Baraza la wazee linaweza kumwachia mtafiti huduma moja tu kwa muda wa miaka miwili, na kuitangaza mbele ya kanisa, ili asionekane amepoa.

Uchovu ukizidi, unageuka ugonjwa. Dalili zake zinajulikana: mtu hapati usingizi au analala mchana kutwa, hafungui tena kompyuta, anakwepa promota, anakasirikia watoto bila sababu, anasema afadhali asingezaliwa. Katika familia zetu neno la kwanza linalotajwa ni uchawi, na neno la pili ni mapepo. Tusome tena 1 Wafalme 19. Elia alikaa chini ya mti akaomba afe. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Swali la Mungu lilikuja baadaye, kule Horebu, baada ya chakula na usingizi. Tuombe na mgonjwa, na tumpeleke kwa daktari. Lubumbashi ina kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain, na Bukavu ina SOSAME. Vyote viwili ni kazi ya Mabruda wa Upendo, ndugu zetu Wakatoliki. Mtu akitamka habari ya kujiua, asiachwe peke yake hata usiku mmoja.

Kwa kazi yenyewe ya kila siku, wanaomaliza mara nyingi si wale waliopata mwezi mzima wa bure. Mwezi huo hauji. Saa mbili za asubuhi, siku nne kwa juma, simu ikiwa chumba kingine, zinajenga teze kuliko mikesha ya usiku mzima kabla ya tarehe ya mwisho. Ni vizuri kuanza na kuandika, hata nusu ukurasa mbaya, kabla ya kusoma kitabu kingine, maana kusoma kunaweza kuwa mahali pa kujificha. Mhubiri alikwisha kuonya, katika sura ya 12, juu ya vitabu visivyo na mwisho na mwili unaochoka. Na nakala! Umeme unaporudi kwa nguvu unaua kompyuta. Teze iwe mahali patatu: katika kompyuta, katika flashi iliyo nyumba nyingine, na katika barua pepe ya mtafiti mwenyewe.

Kutembea pamoja kunasaidia pia. Mpango wa CARTA, ulioanzishwa mwaka 2008 na kuendeshwa na kituo cha APHRC cha Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Wits cha Johannesburg, unapokea watafiti kwa makundi, na kila kundi linapita semina nne likiwa pamoja hadi mwisho. Asistenti watano wa Kasapa hawahitaji wafadhili ili kukutana kila Ijumaa na kusomeana kurasa tatu.

Halafu kuna swali la baadaye. Tumewafundisha vijana kwamba doktora ina mlango mmoja tu, wa uprofesa, na asiyeingia humo amepotea. Katanga yetu inahitaji watu wanaojua kupima maji ya mto chini ya kiwanda, kusoma takwimu za afya, kuchunguza mashamba na misitu ya miombo inayokwisha kwa makala. Hospitali na shule za makanisa yetu zinahitaji viongozi wanaoweza kusoma hesabu na kuuliza maswali. Mtafiti ajitayarishe mapema: achapishe makala moja kabla ya kumaliza, azoee kusoma Kiingereza, ajue kueleza kazi yake kwa dakika tano kwa mtu asiye wa fani yake. Mahali pazuri pa kujizoeza hilo ni mbele ya kikundi cha wamama wa parokia, ambao watamkatiza asipoeleweka.

Parokia yenye sola na chumba kinachokaa bure siku za kazi inaweza kumpa mtafiti ufunguo kwa asubuhi mbili kwa juma. Gharama yake ni meza na kiti. Jambo hili lina haraka sasa. Goma iliingiwa na M23 mwezi wa kwanza 2025, Bukavu mwezi wa pili, na watafiti wa huko nao wamo kati ya waliopaswa kuacha nyumba na karatasi zao. Akifika mmoja kwenye kanisa lako, mwulize kama anayo nakala ya kazi yake, na kama anayo, mwonyeshe mahali pa kuketi.