Kiharusi, Huzuni na Kioo cha Nyumbani


Mama aliyezoea kuchuma majani chai huko Nyamira anapooza mkono wa kulia. Baada ya miezi michache hataki kuongea, chakula hataki, mazoezi ndiyo hataki kabisa. Watu wa boma wanasema ana kiburi, ama amerogwa. Hapana! Karibu mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi huingiwa na huzuni nzito, na huzuni hiyo ni ugonjwa. Aliyekata tamaa hafanyi mazoezi, na bila mazoezi mkono hukakamaa.

Huko Ulaya na Marekani wengine huvalishwa miwani ya kompyuta. Ndani yake mgonjwa huona mkono ukidaka mpira, na mazoezi yanakuwa kama mchezo. Husaidia yakiongezwa juu ya mazoezi ya kawaida, si badala yake. Bei ya miwani hiyo tusiizungumze.

Lakini kioo mnacho. Aketi mezani, kioo kisimame katikati ya mikono, upande wa kujitazama uelekee mkono mzima. Ule mgonjwa ufichwe nyuma. Afungue na kufunga mkono mzima polepole akitazama kioo. Ubongo huona kama uliopooza ndio unaosogea. Ajaribu kuusogeza nao pia. Nusu saa kwa siku, kwa wiki kadhaa. Lakini kwanza aonwe na mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini.

Pangeni zamu ya kumtembelea, kama mnavyopanga ya mchango. Akisema amechoka kuishi, msingoje mkutano ujao: mpelekeni hospitali ya Kisii ama Nyamira siku hiyo hiyo. Huzuni nayo ina matibabu.