Kisangani: Saa ya mkono inayochelewa asubuhi si lazima iwe imeharibika

Mwenye saa ya mkono ya kutia ufunguo mjini Kisangani akiona imechelewa sekunde kadhaa asubuhi, asikimbilie kumlipa fundi. Aangalie kwanza namna anavyoilaza usiku.

Ndani ya saa hiyo kuna gurudumu dogo linalokwenda na kurudi kwa nguvu ya resori nyembamba. Saa ikilala chali, gurudumu hukaa juu ya ncha ya mhimili wake, na msuguano ni mdogo. Ikisimamishwa kwa ubavu, mhimili huegemea pembeni, msuguano unaongezeka na mwendo unabadilika. Ndiyo maana saa ileile huweza kuchelewa katika mkao mmoja na kutangulia katika mwingine.

Nchini Uswisi, shirika la COSC hupima mashine za saa kwa siku 15, katika mikao 5.

Jaribu nyumbani: itie ufunguo hadi mwisho, iweke sawa na simu, ilaze chali. Usiku wa pili, isimamishe kwa ubavu. Usifuate saa ya redio ya Kinshasa, iko nyuma ya Kisangani kwa saa moja.

Tofauti ikiwa sekunde chache, chagua mkao unaofidia kosa la mchana. Ikifika dakika nyingi, mwone fundi.