Roketi kubwa Mtoni: seti ndiyo gharama ndogo

Seti ya roketi ya nguvu kubwa kwa anayeanza huuzwa Marekani kwa takriban dola 80 hadi 150. Dola ikikadiriwa kwa shilingi 2,500, hizo ni shilingi 200,000 hadi 375,000. Ndani ya boksi mna bomba la karatasi ngumu, pua ya plastiki, mapezi ya plaiwudi, parachuti na kamba yake. Injini hamna, na hesabu yenyewe inaanzia hapo.

Injini hizi hupangwa kwa herufi, na kila herufi huruhusu nguvu maradufu ya ile iliyoitangulia: G huishia newtoni-sekunde 160, H 320. Nguvu kubwa huanzia H. Injini ya H ya kutumika mara moja ni kama dola 40 hadi 60, nayo huungua kwa sekunde chache tu. Zipo za ganda la alumini linalojazwa upya, lakini ganda hilo nalo ni ghali, na halilipi mpaka mtu arushe mara nyingi. Isitoshe, huko Marekani injini hizi haziuzwi kwa kila mtu: mnunuzi lazima awe na cheti cha chama cha NAR au Tripoli, na ngazi ya kwanza hupatikana kwa kurusha roketi aliyoiunda mwenyewe ikarudi nzima.

Kwa mkazi wa Mtoni, kaskazini ya Mji Mkongwe, tatizo kubwa zaidi ni usafiri. Seti tupu itafika Unguja kama kifurushi kingine chochote, ikalipiwa ushuru. Injini, kwa kuwa fueli yake ina amoniamu pakloreti, huhesabiwa mzigo wa hatari. Haibebwi kwenye begi la abiria wala kutumwa kwa posta. Ikifika kwa njia halali, bado kuna vibali vya usalama na vya anga, maana uwanja wa ndege wa Kisauni uko upande wa pili wa mji tu.

Halafu kuna upepo. Roketi iliyofika mita 500 ikishuka kwa mita 5 kwa sekunde hukaa hewani sekunde 100. Upepo wa kasi hiyohiyo utaisogeza nusu kilomita. Kaskazi huisukuma kusini-magharibi, kusi kaskazini-magharibi, na kutoka pwani ya Mtoni pande zote mbili ni bahari. Anayerushia ufukweni apange na bei ya ngalawa ya kuifuata, na karatasi ikishalowa maji ya chumvi haifai tena.

Ndiyo maana wenye nia hiyo Afrika Mashariki huona afadhali kuunda kuliko kununua. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, Juja, wamefanya hivyo katika mradi wa Nakuja, lakini wao wana karakana na wahadhiri wa kuwasimamia. Kijana wa Mtoni asiye na hayo asijaribu kuchanganya fueli nyumbani, hata iwe ya sukari.

Kwake inafaa roketi ya maji: chupa ya soda iliyojazwa maji theluthi moja, kizibo cha mpira chenye valvu na pampu ya baiskeli. Chupa iwe ya soda, kwa kuwa imetengenezwa kuhimili msukumo wa gesi. Za maji ya kunywa ni nyembamba na hupasuka. Mapezi hukatwa kwenye boksi la karatasi, parachuti kwenye mfuko wa plastiki. Anayepampu avae miwani na asiinamie chupa.